Riwaya uipendayo isomwe mara nne, penseli mkononi

Mhariri,

Ushauri kwa waandishi chipukizi unapochapishwa katika kurasa za fasihi, neno linalotangulia huwa lilelile: someni sana. Kisha hufuata orodha ya riwaya 20, pengine 30, na mwanafunzi wa uzamili anayesomea uandishi wa kubuni huikata karatasi hiyo na kuibandika ukutani. Muhula ukiisha anakuwa amezipitia zote mbiombio, na mswada wake mwenyewe haujasogea. Tunaomba nafasi tumpe mwanafunzi huyo, na yeyote anayeandika riwaya usiku baada ya kazi, ushauri mwingine. Achague riwaya moja ambayo tayari anaipenda na mwisho wake anaujua, aisome tena mara nne kwa njia nne tofauti.

Msomaji wa mara ya kwanza anakimbizwa na taharuki. Akiwa na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999) anataka kujua Yasmin, binti mdogo aliyeozwa kwa Raza mwenye duka, atatokaje katika ndoa ile. Hana muda wa kutazama jinsi mwandishi alivyomtoa chumbani, alivyompitisha uchochoroni, na alivyomweka mbele ya mtu mwingine bila sisi kuhisi kwamba tumehamishwa. Msomaji anayerudi hana haraka hiyo. Anajua safari inaishia wapi, kwa hiyo anaweza kutazama njia.

Tuanze na kuchagua. Riwaya ya kazi hii iwe ile uliyowahi kuimaliza kwa hiari yako, na isizidi kurasa 250. Ukichukua kubwa zaidi, utaishiwa pumzi katika usomaji wa pili. Iwe pia jirani na unachotaka kuandika. Anayeandika kwa nafsi ya kwanza atafaidika na Siku Njema ya Ken Walibora (1996), ambamo Kongowea Mswahili anajisimulia mwenyewe. Anayeandika kuhusu kazi za mikono na watu wa kipato cha chini ataikuta shule nzima katika Kuli (1979), riwaya ya makuli wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ni fupi sana na zinavutia kwa ufupi huo, lakini tunashauri zisiwe za kwanza, kwa sababu tutakayoieleza chini.

Jihadhari na riwaya uliyoisoma kwa ajili ya mtihani. Wengi wetu tulikutana na riwaya ya Kiswahili darasani: Takadini na Watoto wa Mama N'tilie kwa Tanzania, Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea kwa Kenya. Vitabu hivyo ni vizuri, ila vimelala kichwani pamoja na miongozo yake. Ukifungua Takadini unakumbuka swali la insha kabla hujamkumbuka Sekai akikimbia na mwanawe. Anayetaka kurudi kwenye kitabu cha namna hiyo afanye jambo moja kwanza: aandike kwenye karatasi dhamira na mafunzo yote anayoyakumbuka, aikunje, aiweke mbali. Zoezi hilo linaonekana dogo, lakini linapunguza sana ile tabia ya kusoma kwa kutafuta jibu.

Nunua nakala yako. Ya mtumba inatosha, ilimradi kurasa zote zimo. Zihesabu hapohapo kwa muuzaji, hasa kurasa 16 za mwanzo na za mwisho, ambazo hung'oka mapema. Kutoa kopi kitabu kizima kunamnyima mwandishi haki yake, na tunaona aibu kwamba jambo hili linafanyika karibu na vyuo kama kitu cha kawaida. Mtu anayetarajia kuishi kwa kalamu asianze kwa kumnyang'anya mwenzake wa kalamu. Nakala za kielektroniki zinazozagaa kwenye simu nazo mara nyingi zimepigwa picha vibaya: mistari ya pembeni imekatwa, ng' imekuwa ng, na ukurasa mmoja kati ya kadhaa haupo. Utahesabu kitu ambacho mwandishi hakukiandika.

Kitabu kipya kilichobandikwa kwa gundi kikikunjuliwa kwa nguvu katikati, mgongo hupasuka na kurasa huanza kutoka moja moja. Kisimamishe juu ya meza kwa mgongo wake. Laza jalada la mbele, laza la nyuma, kisha laza kurasa tano tano, upande huu na upande ule kwa zamu, ukipitisha kidole taratibu kwenye ungio hadi ufike katikati. Dakika tatu tu. Kisha kijalidi kwa karatasi ya kaki, maana kitabu hiki kitasafiri mwezi mmoja na nusu ndani ya mkoba pamoja na chupa ya maji.

Vifaa vingine ni kaunta buku ya kwaya mbili, penseli ya HB, kifutio na rula. Kalamu ya wino haifai, kwa kuwa alama ya usomaji wa pili huenda ukaifuta katika wa tatu, na karatasi za vitabu vyetu vingi ni nyepesi, wino hutokeza upande wa pili. Ukurasa wa kwanza wa kaunta buku andika jina la mchapishaji, mwaka wa toleo lako na idadi ya kurasa. Riwaya zetu zimechapwa upya mara kadhaa na wachapishaji tofauti, na kurasa hazilingani. Kila unaponukuu, andika sura na aya pamoja na ukurasa, kwa mfano "sura 4, aya 7, uk. 61". Mwanafunzi anayeandika ukurasa peke yake hujikuta, wiki moja kabla ya kuwasilisha tasnifu, akitafuta sentensi katika toleo la maktaba ambalo halifanani na la kwake.

Usomaji wa kwanza ni wa raha. Hakuna penseli. Riwaya ya kurasa 200, zenye maneno kama 300 kila moja, ina maneno 60,000. Kwa mwendo wa maneno 200 kwa dakika ni saa tano. Ukitenga dakika 40 kwa siku, utamaliza ndani ya siku nane. Kazi yako pekee ni kutia kipande cha karatasi pale unapogundua umesahau dakika zimepita, na kingine pale ulipoanza kuwaza mambo ya nyumbani. Basi. Vipande hivyo vitakufaa baadaye kuliko nadharia yoyote.

Usomaji wa pili ni wa ramani, na huchukua muda maradufu, kama saa 10, yaani siku 15. Kwa kila sura jaza mstari mmoja wenye safu tano: mahali, muda uliopita tangu sura iliyotangulia, waliomo, nani anataka nini, na kilichobadilika sura inapofungwa. Safu ya mwisho ndiyo ngumu. Ukishindwa kuijaza, soma tena aya mbili za mwisho za sura. Mabadiliko mara nyingi yamejificha katika uamuzi mdogo au habari iliyoletwa na mtu mlangoni. Kisha chora mishale ya kurudi nyuma, kutoka tokeo hadi chanzo. Katika Rosa Mistika (1971) mishale mingi inarudi kwenye kipigo kimoja, pale Zakaria anapompiga binti yake Rosa kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na kijana Charles. Msomaji wa kwanza anakiona kipigo hicho kama mkasa. Mchora ramani anagundua kwamba mwandishi ameweka mzigo wa riwaya karibu yote juu ya karatasi moja iliyokunjwa, na anaanza kujiuliza mswada wake mwenyewe umebebwa na nini.

Ramani ya Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inafundisha jambo tofauti kabisa. Karama yuko kizimbani, na katika utetezi wake anasimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita, mmoja baada ya mwingine, wakarudi na habari njema na kuishia gerezani. Ukiiweka katika safu tano unaona umbo lilelile mara sita. Mwanafunzi wa leo huambiwa na wenzake kwamba takriri, yaani kurudiarudia, ni uchovu. Aweke mistari ile sita sambamba, atafute nini kimepungua na nini kimeongezwa kila mara, urefu wa safari, aina ya habari, kauli ya watawala. Huo ndio ufundi wa hadithi zetu za mdomo uliopita kwenye karatasi, na hauonekani kwa kusoma mara moja.

Sasa tueleze kuhusu Nagona na Mzingile. Ramani ya safu tano hushindwa humo kwa kuwa matukio hayapangwi kwa sababu na tokeo la kawaida. Anayezichagua abadilishe safu: taswira, inarudi wapi, imebadilikaje. Ni kazi nzuri, ila si ya kujifunzia kuchora ramani.

Usomaji wa tatu ndio tunaoutilia mkazo kuliko yote, na ndio unaorukwa zaidi. Hapa husomi kitabu kizima. Chagua kurasa 10 tu, na vile vipande vya karatasi vya usomaji wa kwanza vitakuonyesha zipi: kurasa 7 ulizosahau dakika, na 3 zilizokuchosha. Kila siku nakili ukurasa mmoja kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na alama zake. Kwa mwandiko wa maneno 15 kwa dakika ni dakika 20. Mkono hauwezi kuruka kama jicho. Unapofika kwenye nukta ambayo wewe ungeweka koma, mkono unasita, na hapo pana somo. Dakika 20 zinazobaki ni za kuhesabu.

Hesabu vitenzi. Pigia mstari kila kiambishi cha njeo, yaani kinachoonyesha wakati au hali ya tendo, katika ukurasa ulionakili, kisha weka jumla pembeni: -li- ngapi, -ka- ngapi, -ki- ngapi, -me- ngapi, hu- ngapi, na sentensi ngapi hazina kitenzi kabisa. Wanafunzi wengi wamesoma sarufi hii miaka mingi bila kuigusa kama chombo cha msimulizi. Tutoe mfano wetu wenyewe, usio wa kitabu chochote:

"Mama aliingia jikoni. Akachukua sufuria, akatia maji, akawasha jiko, akakaa."

Sentensi sahihi, lakini ni ripoti. -ka- nne zimefuatana na hakuna jicho la mtu ndani yake. Tuibadilishe:

"Mama aliingia jikoni. Moto umezimika. Akachukua sufuria, mkono wa kushoto ukipapasa kiberiti juu ya kabati."

-me- moja imetuingiza machoni mwa mama, kwa kuwa inaeleza hali aliyoikuta. Laiti tungeandika "moto ulikuwa umezimika", msimulizi angerudi kusimama kati yetu na yeye. -ki- nayo imefanya vitendo viwili viende pamoja, mkono huu na ule. Angalia waandishi unaowapenda wanavyokata mnyororo wa -ka-: wengine huingiza sentensi isiyo na kitenzi, wengine husimamisha vitendo na kuleta sauti au harufu, wengine huhamia -na- pale hatari inapokaribia. Ukishahesabu kurasa 10 utaijua mizani ya mwandishi wako. Hesabu kisha ukurasa mmoja wa mswada wako. Kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi ni "alikuwa ana-" na "alikuwa ame-" zilizotapakaa kila mahali, na chanzo chake ni kusoma tafsiri nyingi na riwaya za Kiswahili chache.

Jambo la pili la kuhesabu ni nani ni nani. Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika kiambishi cha nafsi; a- na m- zinawahudumia wote. Sentensi kama "Asha alimkuta Zubeda mlangoni, akamtazama, akageuka, akaondoka" inamwacha msomaji hajui aliyeondoka. Hata watu wawili wakiwa mwanamume na mwanamke, tatizo ni lilelile. Kwa hiyo zungushia duara kila jina, kila "yule", "mwenzake", "mama huyo", "kijana", kila neno la ukoo katika ukurasa wa mazungumzo. Utaona waandishi wazoefu hawaogopi kurudia jina, na kwamba wanapobadilisha kutoka jina hadi "binti yule" kuna sababu: msimulizi amesogea mbali, au mhusika mwingine ndiye anayetazama. Mwanafunzi anayeogopa kurudia jina huishia kuandika "mwanadada huyo", "mrembo huyo", "kipusa huyo" katika aya moja, na msomaji anafikiri ni watu watatu.

Salamu nazo zina hesabu yake. Katika maisha yetu watu wawili hawaanzi mazungumzo bila kujuliana hali, na kuamkiana kwa ukamilifu kunaweza kula nusu ukurasa. Tazama mwandishi wako anafanyaje. Wakati mwingine anasema tu "baada ya kuamkiana" na kusonga mbele. Wakati mwingine anaacha shikamoo ikae peke yake kwenye mstari, na marahaba isije. Pale ambapo marahaba haikuja, pana ugomvi, na hakuna haja ya kuueleza.

Tuongeze orodha moja ndogo tunayoiita ya mikono. Kwa ukurasa huohuo, andika kila kitu ambacho mikono ya wahusika inafanya: kupepeta, kufunga gunia, kuhesabu sarafu, kukaza kanga. Riwaya zinazodumu zina kazi nyingi za mikono ndani yake. Ukimaliza, andika mambo matano uliyoyaona mikono ya watu ikifanya siku hiyo sokoni, kituoni au ofisini. Hapa kusoma na maisha ya kila siku vinakutana, na kaunta buku inageuka ghala la mswada wako. Neno usilolijua litafute katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu na, usipolipata, katika Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA). Riwaya za Unguja na Pemba zina maneno mengi ya nyumbani kule ambayo mtu wa bara huyapita akidhani ameyaelewa kwa muktadha, kumbe amepoteza rangi ya sentensi.

Usomaji wa nne ni wa sikio. Soma riwaya nzima kwa sauti. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na kwa sauti ya kawaida utapata kama 120 kwa dakika, hivyo maneno 60,000 ni saa nane na dakika 20, yaani siku 13. Jirekodi kwa simu, sura kwa sura. Rekodi hiyo ni ya masikio yako tu. Kuisambaza ni kuvunja hakimiliki sawa na kutoa kopi. Sauti hufichua pumzi. Sentensi uliyoidhani ndefu kupita kiasi utaikuta inasomeka bila kukwama, kwa sababu mwandishi ameweka mapumziko mahali ambapo mapafu yanayahitaji. Na sentensi fupifupi zilizokupendeza machoni huenda zikasikika kama nyundo.

Jumla ni siku 46: nane, 15, 10 na 13. Muhula wa wiki 15 una siku 105. Riwaya mbili zinatosha, na siku 13 zinabaki kwa homa, misiba na wageni.

Lakini siku hiyo yenyewe ikoje? Mwanafunzi wa uzamili kwetu ni mwalimu wa zamu, ni mama wa watoto wawili, ni karani anayeomba ruhusa saa tisa alasiri. Kumwambia atafute saa tatu za utulivu ni kumwambia aache. Dakika 40 zinapatikana ikiwa kila aina ya usomaji itapewa mahali pake. Kunakili kunataka meza na mikono mikavu; kufanyike alfajiri kabla nyumba haijaamka. Ramani inavumilia kukatizwa, kwa hiyo inafaa jikoni. Maharage ambayo hayakulowekwa huchukua saa moja na nusu au zaidi kwenye jiko la mkaa, na ndani ya muda huo sura mbili fupi hupata mistari yake. Weka kitabu mbali na mafuta, juu ya kiti, si juu ya meza ya kukatia vitunguu. Daladala ya kusimama haifai kwa penseli kabisa. Hapo ndipo rekodi inapofaa, hedifoni sikio moja tu ili umsikie kondakta. Umeme ukikatika jioni, soma kwa sauti sura unayoikumbuka kwa tochi ya simu, dakika 15, usilazimishe zaidi ya hapo, macho yanauma na kesho yake hutarudi.

Mpangilio mmoja hauna mjadala. Andika mswada wako kabla ya kusoma, si baada. Ukinakili ukurasa wa mwandishi mkubwa alfajiri kisha ukaingia kwenye rasimu yako, sauti yake itakufuata. Utaandika aya nzuri sana zisizo zako. Wanaobanwa na ratiba na kulazimika kusoma kwanza waache walau usiku mmoja upite kati ya kunakili na kuandika. Dalili ya kuambukizwa ni rahisi kuiona: wahusika wako wa Kimara wanaanza kusema kama wazee wa Mji Mkongwe.

Mambo mengine huharibika katika usomaji wa pili. Kumbukumbu inakutangulia, jicho linateleza, na unajaza ramani kwa kile unachokumbuka badala ya kilichoandikwa. Tiba yake ni kusoma sura kinyumenyume, ya mwisho kwanza, kurudi hadi ya kwanza. Hadithi inavunjika, na kila sura inasimama peke yake na kuonyesha viungo vyake. Wengine hupigia mstari kila kitu kizuri, hadi ukurasa wote ni kijivu. Jiwekee kikomo cha alama tatu kwa ukurasa; ukitaka ya nne, futa moja. Uamuzi wa ipi ifutwe una faida kuliko alama zenyewe.

Tatizo kubwa zaidi linatoka darasani. Tumezoezwa kuuliza riwaya inasema nini: dhamira, ujumbe, falsafa, umarx au udhanaishi wake. Maswali hayo ni ya mhakiki na yana heshima yake. Mwanafunzi wa uandishi anahitaji swali la fundi: imefanywaje? Akiandika katika kaunta buku "mwandishi anaonyesha unyonyaji wa makuli", ukurasa huo haumsaidii kesho asubuhi. Akiandika "anataja uzito wa gunia kabla ya kutaja mshahara, na hakuna sentensi inayosema dhuluma", ana kitu cha kujaribu. Tunawaomba wasimamizi wa tasnifu za uandishi wakubali kaunta buku hiyo kama sehemu ya kazi ya mwanafunzi, waikague kila wiki mbili, na wapunguze orodha ya usomaji wa lazima ili nafasi ipatikane. Riwaya mbili zilizofunguliwa hivi na nyingine nne za kusoma kawaida ni mzigo wa haki kwa muhula mmoja.

Kwako Mhariri tuna maombi mawili. Uhakiki wa vitabu unaochapishwa gazetini utaje daima mchapishaji, mwaka wa toleo lililosomwa na idadi ya kurasa, ili msomaji wa mkoani ajue anaagiza nini. Na mara moja kwa mwezi, mpe mhakiki mmoja nafasi ya maneno 600 achambue aya moja tu ya riwaya ya Kiswahili, kitenzi kwa kitenzi. Tuko tayari kuandaa sita za kwanza bila malipo, na tutaanza na aya ambayo mtu anaingia chumbani na kumkuta mwenzake ameshaondoka.

Ni sisi wasomaji wenu,
walimu na wanafunzi wa uandishi wa kubuni,
Dar es Salaam